Bi Scarlett: ana ari au ana tamaa? Wasomaji mmenipigia kelele

  Majuma machache yaliyopita niliwatajia katika ukumbi huu kitabu kimoja kikuukuu cha mapenzi na vita, nikawauliza mwamwonaje yule mwanadada aliye kiini cha hadithi. Lo! Kumbe nilikuwa nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zilizonifikia ni za hasira, za kicheko, na moja, ambayo nitaifikia baadaye, ilininyima usingizi.

Kitabu chenyewe ni Gone with the Wind, riwaya ya Mmarekani Margaret Mitchell iliyotoka mwaka wa 1936. Nakala yangu niliipata kwa wale wachuuzi wanaotandaza vitabu chini kando ya njia katikati ya jiji, duka ambalo wanafunzi huliita "inama". Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama, nikatoa pesa za sahani moja ya chapati na maharagwe, nikaondoka na kurasa zaidi ya elfu moja. Bei hiyo hata mke wangu hakuikasirikia.

Kwa yule ambaye hajabahatika kukisoma, hebu nimpe dondoo asije akapotea njia. Tuko katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mwaka wa 1861. Scarlett O'Hara ana miaka 16. Baba yake ana shamba kubwa la pamba liitwalo Tara, na wanaoilima pamba hiyo ni watumwa weusi. Msichana huyu anampenda Ashley Wilkes, kijana wa jirani, naye Ashley anamwoa binamu yake, Melanie. Kwa kisirani tu Scarlett anaolewa na kaka yake Melanie, ambaye anafia kambini kwa maradhi hata kabla vita havijapamba moto. Mwaka wa 1864 mji wa Atlanta unatekwa. Scarlett anakimbia na kitoto kichanga cha Melanie, anafika Tara na kukuta mama amefariki jana yake, baba akili zimemruka, na ghala limekauka.

Hapo ndipo yule msichana wa sherehe na marinda anapogeuka kuwa kitu kingine. Anachuma pamba kwa mikono yake. Anampiga risasi askari aliyeingia nyumbani kuiba. Shamba likitishiwa kuuzwa kwa sababu ya kodi ya dola 300, anang'oa mapazia ya dirishani, anashona gauni, na kwenda Atlanta kumtega Rhett Butler, tajiri mwenye sifa mbaya. Anamkosa, na badala yake anamnyang'anya dada yake mchumba na kuolewa naye ili kodi ilipwe. Kisha anafungua kiwanda cha kupasua mbao. Mume wa pili anauawa, na wa tatu ni huyo huyo Rhett. Wakati wote huo moyo wake uko kwa Ashley, na siku anapotambua ni nani hasa aliyekuwa akimpenda, Rhett amekwisha kufunga mizigo.

Mwandishi mwenyewe nampendea jambo moja la ubinafsi: alikuwa mtu wa kazi yetu hii. Kuanzia 1922 hadi 1926 Bi Mitchell aliandikia jarida la Jumapili la gazeti la Atlanta Journal, yaani toleo mfano wa hili ulilolishika mkononi. Kisha akaumia kifundo cha mguu, akakaa nyumbani, na mumewe John Marsh akawa hamali wa vitabu vya maktaba hadi akachoka na kumwambia heri aandike chake mwenyewe. Alianza na sura ya mwisho. Mwaka wa 1935, mhariri wa kampuni ya Macmillan alipopewa muswada huo, ilibidi anunue sanduku la kuubebea. Kabla ya 1936 kwisha, nakala milioni moja zilikuwa zimenunuliwa, na mwaka uliofuata mama huyo akapewa Tuzo ya Pulitzer. Hakuchapisha riwaya nyingine. Agosti 1949 aligongwa na gari akivuka barabara mjini Atlanta, akafariki siku tano baadaye.

Basi turudi kwa barua zenu.

Wengi mliompinga Scarlett mlitumia neno moja: tamaa. Mwalimu mmoja wa shule ya upili, mama wa mabinti watatu, ameniandikia kurasa nne akinionya kuwa gazeti la familia halipaswi kumsifu mwanamke aliyempora dada yake mchumba, akawasahau watoto wake kwa kuhesabu pesa, na akamtamani mume wa mwenziwe miaka kumi na zaidi huku akila na kulala chini ya paa moja na mke wa mtu huyo. Mwalimu, sina la kukujibu. Yote uliyosema yamo kitabuni. Ukitaka niongeze, nitaongeza: Bi Scarlett alikuwa mwongo mkubwa katika biashara ya mbao, na alipoona vibarua wanamgharimu alikodi wafungwa kutoka serikalini, akamweka juu yao msimamizi aliyewanyima chakula na kuwachapa mijeledi. Hilo si jambo la kubuni tu. Katika jimbo la Georgia biashara hiyo ya kukodisha wafungwa, walio wengi wakiwa weusi waliotoka utumwani juzi, ilianza mwaka wa 1868 na haikupigwa marufuku hadi 1908.

Lakini hebu tulitazame hilo neno. Kiswahili chetu ni tajiri, kina "ari", kina "bidii", kina "tamaa", na kina ile shutuma kwamba mtu "ana makuu". Nilipozipanga barua mezani niligundua kuwa Rhett Butler, aliyetajirika kwa magendo watu wake wakifa vitani, hamkumwita mtu wa tamaa hata mmoja wenu. Rhett mmemwita mjanja. Mmoja amemwita mwanamume kamili!

Aliyenifungua macho juu ya jambo hilo ni mama mmoja mjane anayeuza mbao hapa Nairobi. Anasema alikisoma kitabu hicho akiwa na miaka arobaini, jioni jioni, mbele ya taa ya pale pale bandani kwake, vumbi la mbao likidondoka kwenye kurasa. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimwita kikaoni na kumshauri kwa upole kwamba mbao si kazi ya mwanamke, auze mashine na gogo zilizobaki, pesa "zitunzwe" na ukoo. Alikataa. Mpaka leo, anasema, mteja akiingia humwangalia, akatazama nyuma yake, kisha akauliza, mwenyewe yuko wapi?

Mama huyu hakupendezwa na mapenzi ya Scarlett hata kidogo, Ashley anamwona ni mwanamume baridi kama ugali wa jana. Alichokipenda ni hesabu. Kuna mahali mume wa pili wa Scarlett, Frank Kennedy, anaugua, naye Scarlett anakwenda dukani kwake, anafungua daftari la madeni na kupekua. Ghafla anatambua kuwa watu wanamdai mumewe uso tu, pesa hawalipi, na kwamba yeye angeliendesha duka hilo vizuri kumliko. Mjane wetu anasema alipofika hapo alifunga kitabu akalia, kwa kuwa ndivyo ilivyomtokea wiki ya pili baada ya mazishi. Alikuwa ameishi na marehemu miaka kumi na minane na hakuwahi kulifungua daftari lile. Frank, anaendelea, hakuaibika kwa sababu mkewe alidanganya wateja, aliaibika kwa sababu mji mzima ulimwona mkewe akiendesha gari la farasi peke yake kwenda kiwandani, tena akiwa mja mzito. Wizi ungesameheka.

Sasa mwalimu na mjane, natamani ningewaketisha nyinyi wawili pamoja, niagize chai ya maziwa, nami nikae pembeni kimya.

Barua za wanafunzi wa chuo kikuu zilihusu mapenzi zaidi, na sikutarajia vingine. Wavulana wanamtetea Rhett kufa kupona. Msichana mmoja amenigusia usiku ule Rhett anapombeba mkewe ngazini kwa nguvu akiwa amelewa, kisha asubuhi mwandishi anatuonyesha mke akitabasamu. Anasema mama yake alipokisoma kitabu hicho ujanani alipaona hapo kuwa patamu kuliko kwingine kote, lakini yeye alipata kichefuchefu. Ni jalada moja, kurasa zile zile, nyumba moja. Sina budi kusema niko upande wa binti.

Yuko pia mzee mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, aliyenikaripia kwa lugha nisiyoweza kuichapisha yote. Anauliza mimi Mwafrika mzima nimepata wapi muda wa kuwahurumia mabwana wa watumwa waliopokonywa watumwa wao, huku vitabu vya kwetu vinaliwa na mchwa. Mzee wangu, shikamoo. Hukukosea. Kitabu hiki kinaulilia ulimwengu ambao babu zetu wangekuwa mle wakiwa bidhaa. Kinawachora weusi kama watoto wasiojua watakalo, na wale waliojifunika vitambaa usiku kuwaua weusi, kundi la Ku Klux Klan, kinawatolea udhuru. Frank na Ashley wenyewe ni wanachama. Malcolm X ameeleza katika tawasifu yake jinsi alivyokwenda kuitazama filamu yake akiwa kijana huko Michigan, mweusi peke yake ukumbini, na jinsi alivyotamani ardhi immeze alipomwona Prissy, kijakazi anayechekesha watu kwa upumbavu wake. Na mwandishi mwenyewe ni fumbo: mwanamke huyo huyo katika miaka ya 1940 alilipa kisirisiri karo za vijana weusi wa Chuo cha Morehouse waliosomea udaktari, siri iliyojulikana miaka mingi baada ya kifo chake.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kuufunga mjadala hapo, kila mtu abaki na lake. Ndipo ikaja ile barua niliyowaahidi.

Imetoka kwa msichana wa miaka 19 anayengojea kujiunga na chuo. Nyumbani kwao yuko mama anayewafanyia kazi, ambaye watoto humwita Anti. Usiku, Anti akipiga pasi, msichana huyu humsomea kitabu, akikitafsiri kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi ili naye ajizoeze. Walianza riwaya hii baada ya kusoma habari zake hapa ukumbini.

Mapema kabisa kitabuni, baba yake Scarlett anarudi nyumbani akiwa amefurahi kwa kuwa amemnunua Dilcey, mke wa mtumishi wake, pamoja na binti yake Prissy, ili familia iwe pamoja. Mwandishi anataka tumwone mzee huyo kuwa ana moyo mwema. Anti aliweka pasi chini. Akauliza, amewanunua, yaani kama mbuzi? Msichana akajibu ndiyo. Anti akasema, basi endelea.

Wakaendelea hadi kwa Mammy, yule mama mweusi aliyemlea Scarlett, na kabla yake akamlea mama yake Scarlett, anayemfunga mikanda ya gauni, anayemgombeza akila kwa pupa, anayejua siri zake zote. Ni mmoja wa watu wenye nguvu kubwa katika hadithi nzima. Hapo Anti akauliza maswali mawili. Huyu Mammy jina lake hasa ni nani? Na watoto wake yeye wanalelewa na nani?

Msichana anaandika kwamba alipekua mbele na nyuma na hakupata jibu. Kisha, kwa kuwa swali lilikuwa limekwisha kuulizwa, naye akamuuliza Anti la kwake. Anti amekaa nao miaka kumi na mmoja. Usiku huo ndipo binti alipojua kwamba kifungua mimba wa Anti, anayelelewa na nyanyake kijijini, wamezaliwa mwaka mmoja na yeye.

Wasomaji wangu, kitabu hiki nimekisoma mara mbili. Nimekichambua, nimejifanya bingwa wacho hapa mbele ya kadamnasi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: swali hilo halikupata kunijia. Nilikichukua tena usiku huo huo nikawa nafuata kila ukurasa ambao Mammy anaingia. Sikuona mume, sikuona mtoto, sikuona jina. Utumwa unafutwa mwaka wa 1865, watu wanaondoka mashambani kwa maelfu, naye anabaki na kumfuata Scarlett hadi Atlanta, na mwandishi anatuelezea hilo kana kwamba ni tabia ya jua kuchomoza mashariki. Scarlett akiapa kutopatwa na njaa tena, yeye na watu wake, sijui kama amemhesabu mlezi wake miongoni mwa watu hao au miongoni mwa mali.

Wengine waliliuliza swali la Anti kabla yetu. Mwaka wa 2001 mwandishi mweusi Alice Randall alitoa riwaya, The Wind Done Gone, inayosimuliwa na binti yake Mammy. Warithi wa Mitchell walikwenda mahakamani kuizuia, jaji wa kwanza akakubaliana nao, mahakama ya rufani ikaiachilia, na mwaka wa 2002 pande hizo zikapatana. Kisha mwaka wa 2014 ikatoka riwaya nyingine, hii kwa idhini ya warithi wenyewe, Ruth's Journey ya Donald McCaig, ikisimulia maisha ya Mammy. Humo ndimo alimopewa jina la Ruth. Ilimchukua mama huyo miaka 78 kupata jina, na hata hilo alipewa na mtu mwingine.

Tena kuna Hattie McDaniel, aliyemwigiza Mammy katika filamu ya 1939. Huyu jina alikuwa nalo. Babake alizaliwa mtumwa na akapigana vita hivyo hivyo upande wa Kaskazini. Filamu ilipozinduliwa Atlanta mwezi Desemba mwaka huo hakuhudhuria, maana sheria za ubaguzi zisingemruhusu kuketi na wenziwe. Februari 1940 alishinda Oscar, Mwamerika mweusi wa kwanza kuipata, na usiku huo huo aliketishwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na waigizaji wenzake, katika hoteli ambayo kwa kawaida haikuwaingiza weusi. Juni 2020 kampuni ya HBO Max iliiondoa filamu hiyo kwa muda, kisha ikairejesha ikiwa na utangulizi wa kueleza historia hiyo. Mzee wangu wa karipio pengine angependa ibaki imeondolewa. Mimi nafurahi imerudi, kwani bila Hattie McDaniel kuna mambo nisingeyajua.

Nilidhani Anti atakuwa amekitupilia mbali kitabu hiki. Nikamwandikia yule binti kuuliza. Jibu limefika Jumatano.

La hasha, hakukitupa. Amesema Scarlett ni msichana mbaya, asiye na shukrani, na angekuwa wa kwao angechapwa. Lakini juu ya ile kodi ya dola 300 yuko upande wake wote. Shamba la baba haliachwi liende mnadani, anasema, na anayecheka gauni la mapazia hajawahi kuona hati ya shamba ikitolewa kabatini na kupelekwa kwa wakopeshaji. Yeye amewahi kuiona. Kila jioni siku hizi nguo humaliza kupigwa pasi mapema, na mama mwenye nyumba, ambaye mwanzoni alilalamika juu ya stima, sasa huja na kiti chake jikoni akidai anatafuta majani chai. Juma lililopita ndiye aliyeuliza, mbele ya wote, yule mtoto wa Anti amefanya mtihani gani na alama zake zikoje.

Wamefika mahali Scarlett anaingia gerezani kumwona Rhett, amevaa mapazia yake ya kijani, ametabasamu, na Rhett yu karibu kuzishika zile mikono zilizochuma pamba. Binti ananisihi nisichapishe yatakayofuata. Basi kama kuna msomaji anayepanda matatu moja na Anti, tafadhali, asimwambie neno kuhusu farasi mdogo wa Bonnie.